Jina, Bei na Kazi: Uzi wa Gitaa na Swali la Thamani

Thamani ya uzi wa gitaa la umeme inaweza kutafutwa mahali patatu: katika jina lililochapwa kwenye pakiti, katika bei inayotajwa dukani, au katika kazi ambayo uzi huo utaifanya ukishafungwa kwenye gitaa. Watu wengi huyachukua mambo haya matatu kuwa kitu kimoja. Penye jina kubwa, hudhaniwa, pana bei kubwa. Na penye bei kubwa pana sauti nzuri. Kuuliza kama ni kweli huonekana kuwa shughuli ya wapigaji na mafundi peke yao. Lakini ndani yake limo swali la zamani sana la falsafa na dini: kitu chema ni chema kwa sababu gani, na anayekiuza anadaiwa nini na anayekinunua?

Tabora, mji wa magharibi mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuliweka swali hili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni historia yake ya biashara. Katika karne ya 19 mji huu, ambao wageni waliujua kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Barabara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo iligawanyika hapa: mkono mmoja ukaenda magharibi hadi Ujiji, mwingine ukaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Watu wa njia hiyo walilazimika kuamua ubora wa bidhaa zilizotoka ng'ambo bila kuona kamwe kiwanda kilichozitengeneza. Sababu ya pili ni muziki. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mji wa reli ukawa mji wa magitaa. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz ziliufanya muziki wa dansi wa magharibi kusikika nchi nzima. Kila bendi ya namna hiyo iliishi kwa nyuzi, na nyuzi hukatika.

Kabla ya kuhukumu kitu ni lazima kukijua. Gitaa la kawaida la umeme lina nyuzi sita. Tatu nyembamba ni waya mtupu wa chuma cha pua uliopakwa bati. Tatu nene zina kiini cha chuma hicho hicho kilichozungushiwa waya mwingine, ambao kwa kawaida ni wa chuma kilichopakwa nikeli. Zote ni lazima zivutwe na sumaku, kwa maana kinasa-sauti cha gitaa la umeme hufanya kazi kwa sumaku; uzi wa nailoni ukifungwa hapo hautasikika kwenye spika. Katika seti inayotumika sana uzi mwembamba una unene wa milimita 0.25 na ule mnene kabisa milimita 1.17 hivi. Zikitunishwa zote kwa sauti zake, kwa pamoja huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayozidi kilo 45.

Kanuni inayoutawala uzi huo ilielezwa na padri Mfaransa Marin Mersenne katika kitabu alichokitoa mwaka 1636. Sauti ya uzi hutegemea urefu wake, nguvu inayouvuta na uzito wake kwa kila kipande cha urefu. Kutokana na kanuni hii ubora wa uzi unaweza kusemwa bila fumbo lolote. Uzi mzuri una unene ule ule na uzito ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi ambao sehemu moja ni nene na nyingine nyembamba, au ambao waya wake wa juu umezungushwa kwa kulegea, haupatani na nafsi yake. Ukiachwa wazi utatoa sauti sahihi. Ukibanwa katikati ya shingo utapanda au kushuka, na mpigaji atajilaumu kwa kosa lisilo lake.

Tofauti kati ya nyuzi za bei nafuu na zile za kampuni zenye majina hupatikana hasa katika mambo manne: usawa wa unene, ukazaji wa waya wa juu, ufungaji unaozuia unyevu usiingie kwenye pakiti, na kufanana kwa pakiti ya leo na ile ya mwaka ujao. La nne ndilo gumu kuliko yote. Kiwanda chochote chenye mashine nzuri kinaweza kutoa uzi bora siku moja. Kazi nzito ni kuurudia uzi huo huo mara elfu mia, kuzipima nyuzi zote, na kuzitupa zilizokosea. Anayelipia jina kubwa, kama jina hilo linastahili, analipia kazi hiyo ya kupima na kutupa.

Hata hivyo jina si kiwanda. Mwaka 1962 Ernie Ball, mwenye duka la magitaa huko California, alianza kuuza seti ya nyuzi nyembamba aliyoiita Slinky. Kabla ya hapo vijana waliotaka nyuzi laini walikuwa wakifunga uzi wa banjo mahali pa uzi wa kwanza wa gitaa. Kampuni kubwa haikuvutiwa na wazo hilo, kwa hiyo Ball aliagiza kiwanda kingine kimtengenezee. Jina ambalo leo ni la wakongwe lilianza likiwa jina la mtu asiyejulikana, mwenye wazo zuri na kiwanda cha kukodi. Familia ya D'Addario ilipita njia tofauti: wazee wao walitengeneza nyuzi za utumbo wa kondoo katika kijiji cha Salle, Italia, kabla ya uzao wao kuhamia New York. Elixir ni jina la kampuni ya W. L. Gore, iliyokuwa na ujuzi wa utando wa plastiki na ikautumia katika miaka ya 1990 kuzikinga nyuzi na jasho. Alice ni jina la kiwanda cha China kinachouza nyuzi za bei nafuu karibu kila nchi. Nyuma ya majina mengi zaidi ya haya kuna viwanda vichache: waya wa viini hutoka kwa wavutaji waya wachache, na kiwanda kimoja huweza kufunga nyuzi katika pakiti za majina kadhaa.

Jibu la kwanza la falsafa kuhusu thamani ya kitu kama hiki lilitolewa na Wagiriki. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, anasema kwamba mwenye ujuzi wa kweli kuhusu filimbi ni anayeipiga. Mtengenezaji hana budi kumsikiliza mpigaji amwambie ipi ni njema na ipi ni mbaya. Aristotle, mwanafunzi wake, alifundisha kwamba wema wa kitu hutokana na kuitimiza kazi yake, na mfano aliouchagua ulikuwa wa mpiga kinubi: kazi yake ni kupiga, na aliye bora ni yule anayepiga vizuri. Kwa mafundisho haya jina halina nafasi. Uzi usiojulikana ukitoa sauti iliyonyooka na kudumu, ni uzi mwema. Uzi wenye jina ukishindwa, ni mbaya, na pakiti yake haiwezi kuutetea.

Wanafalsafa wa Kiislamu waliongeza kipimo. Ikhwan al-Safa, kundi la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, waliandika katika nyaraka zao kwamba nyuzi nne za udi zinapaswa kusokotwa kwa hariri yenye nyuzinyuzi 64, 48, 36 na 27. Kila idadi ni robo tatu ya ile iliyotangulia. Kwao uzi mzuri haukuwa suala la sifa ya fundi bali la uwiano ambao mtu yeyote angeweza kuuhesabu, nao waliuona uwiano huo kuwa sehemu ya mpangilio ambao Mwenyezi Mungu aliuumbia ulimwengu. Udi uliofika Zanzibar na pwani kutoka Uarabuni na Misri ulikuja na urithi huu wa kuihesabu sauti.

Lakini jibu la kazi peke yake lina upungufu. Mnunuzi aliyesimama dukani hawezi kuisikia kazi ya uzi uliomo ndani ya pakiti iliyofungwa. Kazi hujulikana baada ya fedha kutoka mfukoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika pakiti iliyofungwa, kizuri na kibaya hujitembeza kwa sura moja. Hapo ndipo jina linapopata maana yake. Jina ni ahadi: aliyetengeneza anasema kwamba uzi huu utafanya kama ule uliotangulia, na kwamba yuko tayari kujulikana kuwa ndiye aliyeutengeneza. Thamani ya ahadi ni kutimizwa kwake. Ahadi haimo ndani ya chuma, nayo haiongezi sauti hata kidogo.

Watu wa njia ya misafara walilijua jambo hili kwa kina. Kitambaa kilichotawala soko lao kwa miongo kadhaa kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Wanunuzi wa bara walikipenda kwa ugumu wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilipata nafasi, na baadaye viwanda vya Bombay vilitengeneza kitambaa cha namna ile ile. Jina la merikani liliendelea kutumika hata kwa kitambaa ambacho hakikuwahi kuiona Marekani. Kilichobaki ni mkono wa mnunuzi uliokikunja na kukivuta kitambaa ili ujue kama kilistahili kuitwa hivyo.

Shanga zilifundisha somo la upande wa pili. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh pamoja na John Speke Novemba 1857, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara hiyo zilikuwa takriban 400. Kila nchi ilitaka rangi na ukubwa wake, na matakwa yalibadilika. Msafara uliobeba shanga zilizokwisha kupitwa na wakati ungeweza kukosa chakula katikati ya nchi yenye mavuno. Shanga haina kazi nyingine ila kupendeza, kwa hiyo thamani yake yote hukaa katika macho ya anayeitaka. Uzi wa gitaa si shanga. Upo ukweli kuhusu uzi ambao hautegemei anayeutazama, na kosa la wanaonunua kwa jina tu ni kuutendea uzi kama shanga.

Bidhaa ya tatu ya njia hiyo inaukaribia uzi zaidi. Waya wa shaba nyeupe na nyekundu uliletwa kutoka pwani kwa mizigo, na shaba nyekundu ilitoka pia Katanga. Mafundi wa Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, waliuvuta waya huo kupitia matundu ya bamba la chuma, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, hadi ukawa mwembamba sana. Kisha waliuzungusha juu ya kiini cha nywele za mkia wa mnyama au nyuzinyuzi za mmea, wakapata bangili laini zilizovaliwa kwa wingi mikononi na miguuni. Viwanda vya leo huvuta waya wa gitaa kwa kanuni ile ile ya matundu yanayopungua, na nyuzi nene huundwa kwa kanuni ile ile ya kiini na mzunguko. Fundi wa Unyamwezi hakuwa na pakiti wala nembo. Jina lake lilijulikana kwa majirani waliozivaa bangili zake, na mzunguko uliolegea ungemrudia kesho yake.

Umbali ndio ulioivunja hali hiyo, na umbali ndio uliozifanya dini kuweka sheria. Uislamu, uliofika Tabora na wafanyabiashara kutoka Oman na pwani na kukita mizizi baadaye kwa kazi ya tarika ya Qadiriyya, una mafundisho makali kuhusu soko. Sura ya 83 ya Kurani inafungua kwa onyo kwa wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunjia wengine. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim inaeleza kwamba Mtume aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini yake kumelowa. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua. Mtume alimwambia angeiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akamkana mwenye kughushi. Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyapanga mafundisho haya katika kitabu chake cha Ihya: muuzaji asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, asifiche kasoro yake, asifiche kipimo chake, wala asifiche bei yake ya sokoni. Wanazuoni wametofautiana kuhusu uhalali wa ala za nyuzi zenyewe. Lakini anayeziona kuwa halali hawezi kuzikwepa kanuni za kuziuza.

Ukristo, ambao nao una historia ndefu Tabora, unasema jambo la karibu sana. Kitabu cha Mithali kinaitaja mizani ya uongo kuwa chukizo mbele ya Mungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama muuzaji anatenda dhambi anapouza kitu chenye kasoro. Alijibu kwamba akiijua kasoro na kuificha, ametenda ulaghai na anapaswa kurudisha. Asipoijua hana dhambi, lakini akija kuijua anawajibika kumfidia mnunuzi. Jibu hili linamhusu mwenye duka aliyeuza seti kumi kwa nia safi, kisha akaletewa tatu zilizoota kutu ndani ya pakiti.

Kwa kanuni hizi za dini mbili, mstari wa haki haupiti kati ya rahisi na ghali. Wauzaji wanagawanyika kwa namna nyingine. Yupo anayeuza uzi wa bei nafuu na kusema ni wa bei nafuu, utadumu kiasi, na pengine mmoja kati ya sita utakuwa na kasoro. Huyo ni mkweli, na fedha anayoipokea ni halali. Yupo anayeuza uzi huo huo ndani ya pakiti iliyoigizwa ya Ernie Ball au D'Addario. Huyo ameiba mara mbili: amechukua fedha ya mnunuzi, na amechukua jina ambalo mwingine amelijenga kwa miaka. Yupo pia mwenye jina la kweli anayedai kwamba nyuzi zake zitamfanya mwanafunzi apige kama bingwa. Huyo ameisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, na ukubwa wa kampuni yake haumwondolei hukumu ya al-Ghazali. Sheria ya nchi inamgusa hasa yule wa katikati: Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza bidhaa zenye alama za kughushi. Kwa wengine wawili, hukumu ya kwanza ni ya dhamiri na ya masikio ya wanunuzi.

Mnunuzi naye ana wajibu. Wa kwanza ni kutolitukuza jina kupita kazi. Anayenunua uzi wa bei kubwa ili pakiti yake ionekane na wenzake ameingia katika israfu, na tena amejifunga asiisikie sauti yenyewe, kwa kuwa sikio lililokwisha kuamua halipimi tena. Wa pili ni kutokidharau kitu kwa kuwa hakina jina au kwa kuwa kimetoka nchi fulani. Kukihukumu kiwanda kizima kuwa ni feki kabla ya kufunga uzi mmoja ni dhana mbaya, na dhana mbaya ni dhuluma kwa mtengenezaji mwaminifu kama vile kughushi kulivyo dhuluma kwa mnunuzi.

Historia ya magitaa katika eneo hili inaunga mkono wajibu huo wa pili. Vijana wa Tanzania na Kongo wengi walijifunzia magitaa ya mbao za makasha na makopo, yenye nyuzi zilizofumuliwa kutoka kebo ya breki ya baiskeli. Katika Katanga, ambako Msiri na watu wake kutoka Unyamwezi walianzisha utawala wa Bayeke katika karne ya 19, alitokea mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyelibeba jina la Bayeke na ambaye mwaka 1952 alirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville. Upigaji wake ulisikilizwa na wapiga gitaa hadi Ulaya na Marekani, na chanzo chake hakikuwa bei ya vifaa. Hata hivyo si haki kuutumia ushahidi huu kumwambia maskini kwamba uzi mbovu unamtosha. Waya wa breki ulitumika kwa kukosa, na waliouacha waliuacha kwa furaha. Mwanafunzi mwenye uzi usiopatana na nafsi yake anajifunza sauti zisizo sahihi, na sikio lililofunzwa vibaya ni gharama kubwa kuliko pakiti yoyote. Asiye na fedha za kununua mara mbili ndiye anayehitaji zaidi ukweli mara ya kwanza.

Ukweli huo unaweza kupimwa bila vyombo vya maabara. Uzi mpya ukishafungwa na kutulia, huguswa kidogo tu juu ya freti (kijiti cha chuma kinachovuka shingo) ya 12, mahali ilipo nusu ya urefu wake, kisha hubanwa kwenye freti hiyo hiyo. Gitaa likiwa limerekebishwa vizuri, sauti mbili zinapaswa kulingana. Uzi mmoja ukipishana sana wakati wenzake wanalingana, kasoro imo ndani ya uzi. Hesabu ya bei nayo ni nyepesi: uzi wa theluthi ya bei unaodumu nusu ya muda bado ni nafuu, na uzi wa nusu ya bei unaodumu robo ya muda ni ghali. Mahali pia hubadilisha jibu. Chumvi ya hewa ya pwani huharakisha kutu, kwa hiyo uzi wenye utando hujilipa haraka zaidi Dar es Salaam au Tanga kuliko Tabora, mji wa nyanda za juu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye miezi mingi ya ukavu. Mwenye jasho jingi vidoleni atautumia utando huo popote alipo.

Matokeo ya vipimo hivyo ni mali ya wengi. Plato alimpa mpigaji mamlaka ya kusema, na mamlaka hayo ni wajibu: anayejua kwamba nyuzi fulani za bei nafuu zimenyooka anawadai wenzake habari hiyo, na anayejua kwamba pakiti fulani ni ya kughushi anawadai onyo. Katika mji ambamo bendi, makanisa na mafundi wananunua katika maduka yale yale, ushuhuda wa wapigaji unaweza kuifanya kazi ambayo majirani waliifanya kwa fundi wa bangili.

Jina, kwa hiyo, lina thamani ya ahadi tu, na huipoteza siku ahadi inapovunjwa. Bei haithibitishi chochote peke yake. Kazi ndiyo kipimo, na ukweli kuhusu kazi ndio ambao muuzaji anadaiwa mbele ya mnunuzi na mbele ya Mungu. Uzi wa bei nafuu uliouzwa kwa ukweli ni bidhaa ya heshima. Uzi ulioghushiwa kwa jina kubwa ni haramu hata kama siku hiyo utatoa sauti nzuri.